Marehemu wa Nne

Kwanza niseme kwamba mimi naipenda nchi yangu, asije mtu akanielewa vibaya huko mbele. Jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Alhamisi tu. Mimi ni Koplo Mbaruku, karani wa kumbukumbu katika hospitali ya kambi ya Mtungurumo, wodi mbili, vitanda ishirini. Kazi hii nimepewa kwa sababu moja, nayo ni mwandiko wangu. Hata mkuu wetu, Meja Chilewa, ambaye hasifu kitu, aliwahi kusema kwamba akisoma ripoti zangu anatamani na yeye angekuwa mgonjwa aandikwe.

Jeshi letu lina hospitali tisa, na mkuu wa zote tisa ni Jenerali Kagombora. Wenye midomo yao husema Jenerali si daktari. Uongo mtupu! Jenerali aliongoza bendi ya tarumbeta ya jeshi miaka kumi na tisa, na siku moja Mheshimiwa Rais alipoumwa kichwa katikati ya sherehe, Jenerali akapunguza ngoma, kichwa kikapoa. Kama huo si udaktari, mimi sijui udaktari ni nini. Kesho yake akakabidhiwa idara ya tiba.

Sasa, sisi tuna desturi. Ripoti za hospitali hazipelekwi kwa karatasi peke yake, husomwa uwanjani kwenye gwaride la mwisho wa mwezi. Wakuu wa hospitali tisa hujipanga mstari mmoja, kifua mbele. Ofisa akiita kipengele, wote tisa hutaja namba zao kwa mpigo mmoja, kwa sauti ya juu, kwa sababu jeshini hatupendi mtu ajitenge na wenzake. Karani wa makao makuu husimama mbele yao kuandika anachosikia. Maskini wa Mungu, miaka yote hiyo alikuwa akiandika "sawa".

Gwaride la kwanza la Jenerali nilikuwepo, nimembebea Meja faili lake.

"Waliokufa!" ofisa akaita.

"Kumi na mmoja!" "Wawili!" "Sita!" "Hakuna!" Wote kwa pamoja, na mate yanaruka. Huyo wa "hakuna" alikuwa Meja wetu, na alilitamka kwa majivuno kidogo, sikatai.

Jenerali akaziba masikio kwa mikono miwili. "Simamisheni! Simamisheni! Hii ni nini? Hospitali tisa, nyimbo tisa? Tarumbeta inalia huku, ngoma inalia kule? Mgonjwa akisikia kelele hizi atapona kweli?"

Wakuu tisa wakarudisha vifua nyuma.

"Kuanzia mwezi ujao," akasema, "kutakuwa na Kipimo Kimoja. Hospitali zote zitapimwa kwa kipimo kimoja, na zote zitatoa jibu moja!"

Palikuwa na Kanali mmoja, mzee wa miwani, daktari wa kusomea kabisa. Akanyanyua mkono. "Afande, kipimo kuwa kimoja ni jambo jema, tumelililia miaka mingi. Lakini majibu hayawezi kuwa mamoja. Wagonjwa hawafi kwa amri."

"Nani kakwambia?" Jenerali akauliza, kwa upole wa kutisha. "Hebu nitajie kitu kimoja jeshini kisichofanywa kwa amri."

Kanali akafikiri, akakosa. Siku hizi anasimamia ghala la magunia matupu, na nasikia bado anafikiri.

*

Kamati ikakaa siku tatu, ikala biskuti. Wakajumlisha waliokufa katika hospitali zote tisa mwezi ule, wakapata thelathini na sita. Wakagawanya kwa tisa. Jenerali alipoletewa jibu alipanda juu ya kiti kwa furaha.

"Wanne! Moja, mbili, tatu, nne! Hayo si ndiyo mapigo ya kwata? Jamani, hata kifo kinajua hatua!"

Amri ikatoka, imepigwa muhuri mwekundu. Kila hospitali, wafu wanne kwa mwezi. Watano ni uzembe. Watatu ni dharau kwa wenzako.

Na hapo ndipo shida ya Mtungurumo ilipoanza, na shida hiyo iliitwa Sajenti Edeltruda. Huyu ndiye nesi wetu, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kumwamsha aliyezimia. Alichemsha kila kitu, maji, mashuka, mikasi, na siku moja nusura achemshe kofia ya Meja. Alikuwa akipita kitanda hadi kitanda akimshika kila mtu paji la uso kama vile wote kawazaa yeye. Matokeo yake watu wakawa hawafi. Ilipofika tarehe ishirini na sita ya mwezi wa kwanza wa Kipimo Kimoja, safu yangu ya waliokufa ilikuwa nyeupe pe.

Meja akamwandikia barua, na mimi ndiye niliyeinakili: "Ujieleze kwa maandishi, ndani ya saa ishirini na nne, ni kwa nini wagonjwa wako hawajafa, ilhali wenzako wa hospitali nyingine wanajitahidi."

Edeltruda akajibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko wa aibu: "Nilikuwa zamu."

Meja akashika tama. Si mtu mbaya, Meja. Ana watoto sita na analiogopa ghala la magunia. Akapiga simu makao makuu, kwa kuwa hospitali kuu ilikuwa na ziada. Wafu wao walifika kumi, wanne wakahesabiwa, sita wakawa wanangoja nafasi. Lakini hospitali nyingine zilishawahi kuomba, kwa hiyo sisi tulipata watatu. Walikuja kwa lori, wamefunikwa vizuri, kila mmoja na fomu ya uhamisho imeandikwa "kwa matibabu zaidi". Nikawapokea, nikawaandika wamelazwa, halafu nikawaandika wamefariki. Watu watulivu sana, hawakusumbua mtu.

Edeltruda akawarekebishia shuka mmoja mmoja. "Wanaitwa nani hawa?" akaniuliza.

"Majina hayamo kwenye kipimo, Sajenti."

Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

*

Bado mmoja. Tarehe ishirini na tisa asubuhi Meja akaingia wodini, mikono nyuma, akaanza kutembea polepole kati ya vitanda. Watu wakabana pumzi. Kitanda cha saba, Praiveti Mchopa akakohoa.

Mchopa alikuwa kijana wa jikoni, mpishi wa mesi, mcheshi kupita kiasi. Aliletwa na homa ya mapafu akiwa hajitambui. Edeltruda alimwanzishia sindano kumi na nne, moja kila siku, na alitwambia wazi sote tukisikia: akizimaliza anakwenda nyumbani kwa miguu yake, akikatisha ugonjwa utarudi na hatanyanyuka tena. Asubuhi ile alikuwa ameshachomwa ya sita. Dalili ya kupona ilikuwa kwamba ameanza kuilalamikia supu.

"Unajisikiaje?" Meja akamuuliza.

"Nafuu, afande!"

"Usiharakishe." Meja akavuta kiti, akakaa. "Mchopa, taifa lina kazi ndogo na wewe. Ya siku mbili tu. Utakufa."

Mchopa akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kikazi tu," Meja akasema. "Kwenye karatasi. Utalala hapa hapa, uji utakunywa kama kawaida. Tarehe moja tunakurudisha. Una swali?"

"Afande, na sindano zangu?"

"Ah, hayo ni mambo ya nesi."

"Ndiyo, afande." Akajaribu kupiga saluti akiwa amelala, mkono ukagonga mtungi wa maji.

Edeltruda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa. "Meja, huyu mtoto wa watu amebakiza sindano nane. Mwache. Niandike mimi."

"Wewe hujalazwa," Meja akasema. "Utaharibu kipimo."

Basi nikaandika. Nakiri niliandika vizuri, tarehe thelathini ndiyo niliyoambiwa niweke, na ile herufi ya M niliipamba kidogo.

Kesho yake uwanjani ofisa akaita, "Waliokufa!" na wakuu tisa wakajibu kwa sauti moja, "Wanne!" Aisee, hata mimi nywele zilinisimama. Jenerali akatoa leso akajifuta macho. Karani wa makao makuu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaandika namba.

*

Tarehe moja nilijaza ombi la kumrudisha Mchopa kuwa hai. Majibu yalikuja tarehe tatu, na kwa haki yalikuwa na mantiki. Kwa mujibu wa Kipimo Kimoja, idadi ya wanaofufuka lazima ilingane katika hospitali zote. Kwa hiyo nane nyingine nazo zimeagizwa zifufue mmoja mmoja, zikishindwa isifufue yoyote. Zikashindwa. Hospitali ya kikosi cha anga iliandika kwamba imejaribu kwa moyo wote, mara mbili.

Shida, tangu ile tarehe thelathini, ilikuwa dirisha la dawa. Pale hutolewa kwa jina, na jina lazima liwe la mtu hai.

"Sindano ya Mchopa," Edeltruda alisema.

"Mchopa ni marehemu, Sajenti," mtoa dawa akasema, akimwonyesha daftari. Ulikuwa mwandiko wangu.

Siku mbili Edeltruda aliazima sindano za kitanda cha tatu akamchoma Mchopa ya saba na ya nane. Siku ya tatu makao makuu wakagundua kwamba sindano zetu haziendi sawa na za hospitali nyingine, kabati likafungwa, ufunguo akakaa nao Meja. Zilikuwa zimebaki sita. Jioni hiyo Mchopa hakuilalamikia supu, aliiacha.

Kumbe mimi kuna jambo nilikuwa nimelisahau. Jina likishaandikwa kwenye daftari la waliofariki, barua ya rambirambi na cheti cha kifo, ambacho ni nakala ya kaboni ya mwandiko wangu, hutoka vyenyewe, huenda posta. Posta yetu, ambayo barua ya mwaliko hukufikia mtoto wa bwana harusi ameanza shule, safari hii iliwahi.

Tarehe nne akasimama mbele ya meza yangu mwanamke kijana, macho yamevimba, bahasha mkono mmoja, sanda mkono wa pili. "Kaka, shikamoo. Naitwa Somoe. Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Kitanda cha saba," nikasema.

"Hamjamtoa kitandani?"

Nikamwongoza. Mchopa alikuwa ameegemea mto, kikombe cha uji mkononi.

"Mama Mwanaidi!" akasema. "Umeniletea pilipili?"

Somoe akakaa chini, pale pale sakafuni. Halafu akainuka, akaanza kumpiga mumewe kwa ile sanda, analia na kucheka. "Mwanaume wewe! Siku mbili nimekulilia! Matanga tumekaa! Mbuzi wa mama yako tumemchinja, na wewe unakunywa uji!" Wodi nzima ikacheka, hadi yule wa kitanda cha kumi na mbili mwenye mshono tumboni. Siku ile nilifurahi, nasema kweli.

Edeltruda akamvuta pembeni. "Mdogo wangu, kicheko weka kando kidogo. Amebakiza sindano sita, na hapa hazipati. Misheni ni mwendo wa saa tatu. Kule wanamchoma mgonjwa hata kama karatasi inasema kafa. Mtoe huyu leo."

Ila kutoka nako kuna utaratibu wake. Aliye hai hutoka getini na karatasi ya ruhusa, na karatasi ya ruhusa mimi nisingeweza kumwandikia marehemu. Maiti hutoka na jeneza. Basi Edeltruda akalitoa jeneza stoo, akalitoboa matundu upande wa kichwani. Mchopa akaingia mwenyewe, akauliza kama kuna la ukubwa wa kati. Wapagazi wanne wakanyanyua. Somoe akatembea kando akilia, na kulia alishakuzoea.

Mlinzi wa geti akapiga saluti. Jeneza likakohoa. Mlinzi akatazama mawingu.

"Marehemu ana kikohozi kibaya," akasema. "Poleni sana, dada." Akaanza kufungua geti. Halafu, maskini, akafanya kazi yake, akatazama daftari. "Anaitwa nani?"

"Mchopa."

"Mchopa ameshatoka. Tarehe thelathini, majeneza manne."

Ilikuwa kweli. Tarehe hiyo Meja aliwarudisha wale watatu kwao kwa lori, na ili hesabu ya geti itimie akatoa na jeneza tupu la nne.

"Mtu hawezi kutoka mara mbili bila kuingia," mlinzi akasema.

"Geuka tu upande wa pili, baba," Somoe akamwomba, ameshapiga magoti. "Geuka upande wa pili kidogo, sisi tupite. Ana mtoto wa miaka mitatu."

"Siwezi kugeuka bila amri, dada yangu. Ningekuwa naweza, ningegeuka."

Wakamrudisha kitanda cha saba.

*

Somoe hakukata tamaa. Alfajiri alikwenda misheni kwa miguu, akarudi na sindano zote sita amezifunga kwenye pindo la khanga. Getini wakazichukua. Dawa isiyo ya jeshi, walimweleza, ingemponya mtu nje ya takwimu. Na kwa habari ya jeneza, Sajenti Edeltruda akapewa uhamisho siku hiyo hiyo, kwenda ghala la magunia kumsaidia Kanali. Alipita kwenye meza yangu na begi lake. Nilisimama. Yeye hakusimama.

Somoe alikaa kwenye ukingo wa kitanda siku tano akimkanda mumewe kwa maji, akimsimulia mambo ya Mwanaidi. Mpaka ya nne Mchopa alikuwa akitabasamu. Tarehe tisa, saa tatu asubuhi, alikata roho. Safari hii hakuna aliyemwandika.

Meja alijaribu, nimtetee. Alipiga simu makao makuu kuomba Mchopa ahesabiwe kwa mwezi huu, angalau tuanze na mmoja. Wakamkatalia. Askari hafi mara mbili, ni kujipendelea.

Kukawa na tatizo la kuutoa mwili, kwa kuwa kwenye daftari la geti ulishatoka. Meja akaenda mwenyewe. Akasimama mbele ya mlinzi, akavuta pumzi, akatoa amri.

"Nyuma geuka!"

Mlinzi akageuka, jeneza likapita. Nusu dakika haikufika.

Somoe akasimama katikati ya geti. Akamtazama mgongo yule mlinzi, akamtazama Meja. "Kumbe mlikuwa mnajua kugeuka," akasema.

Hakupiga kelele, na bora angepiga. Meja alijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Kabla hajaondoka Somoe alirudi kwangu mezani. "Kaka, naomba cheti cha kifo."

"Unacho, dada. Kilikuja na barua."

"Hiki kinasema tarehe thelathini." Akakifunua mbele yangu. "Mimi nimemkuta tarehe nne anakunywa uji. Nimekaa naye siku tano, amenitania, amenishika mkono. Siku hizo ziko wapi?"

Nikafungua daftari langu. Nikatafuta, jamani, nilitafuta kweli, ukurasa hadi ukurasa, na yeye amesimama ananingoja.

"Hazimo," nikasema.

"Nani aliandika hiki?"

"Mimi."

Akapitisha kidole kwenye ile M. "Una mwandiko mzuri," akasema, akakikunja, akaondoka.

*

Sasa nimalizie kwa habari njema, kama inavyotakiwa. Mtoa dawa ndiye aliyeshika nafasi ya nesi, na kuchemsha vitu akaona ni kuchosha watu. Wa kwanza alikuwa yule wa mshono tumboni, tarehe kumi na tano. Wa pili na wa tatu walifuatana wiki moja. Wa nne tarehe ishirini na nane, kwa wakati kabisa. Hatukuazima hata mmoja, wala hatukumsumbua mtu aliye hai aigize. Kwenye gwaride Jenerali alitusifu mbele ya hospitali zote, akasema Mtungurumo hatimaye imeshika tuni, akatupa kombe la bati lenye tarumbeta juu yake. Meja akalileta kwenye meza yangu. Alisema ni langu kuliko lake, halafu akaenda kukaa kwenye gari peke yake.

Wiki iliyopita posta ilileta bahasha kutoka kwa Somoe. Ndani kuna kile cheti. Tarehe thelathini ameikata kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika kwa penseli tarehe tisa, kwa mkono wa mtu asiyezoea kuandika. Kuna na karatasi ndogo: "Kaka, sitaki kingine. Gonga muhuri tu, Mwanaidi akikua asome siku ya kweli."

Muhuri uko kwenye droo yangu, na wino upo. Lakini hakuna hospitali nyingine iliyosahihisha cheti mwezi huu, nimeulizia zote nane, na sisi hatuwezi kusahihisha peke yetu. Naona haya. Kila siku nasema kesho. Cheti kipo hapa mezani, nimekiweka chini ya kombe, kisipeperushwe na upepo.